ARTHUR LOVERIDGE, BWANA NYAMA WA MIJUSI NA KOBE

Katika majabali ya Ugogo huishi kobe ambaye mtu akimwona mara ya kwanza hudhani kwamba amekanyagwa na gari. Mgongo wake haukuinuka kama chungu kilichofudikizwa, bali umelala bapa kama sahani. Urefu wake waweza kufika sentimeta 17 au 18, lakini unene wake hauzidi sana sentimeta 4. Ukimshika, gamba lake la tumboni hubonyea chini ya kidole. Naye akishtushwa hafanyi kama kobe wengine, yaani kuingiza kichwa na miguu ndani na kungoja hatari ipite. Yeye hukimbia, tena kwa kobe hukimbia kweli, mpaka kwenye ufa wa jabali, akajibana humo hata mkono wa mtu usiweze kumtoa.

Kobe huyu aliwahi kuandikwa katika vitabu vya elimu kwa jina la mtu mmoja aliyefika Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari ambaye hata vitani hakuacha kukusanya mijusi. Baadaye jina hilo liliondolewa, kwa sababu tutakayoiona mbele. Mtu huyo ni Arthur Loveridge. Wataalamu wa nyoka, mijusi na vyura wa Afrika ya Mashariki wote wanamjua, maana hawawezi kufanya kazi yao pasipo vitabu vyake. Wanafunzi wa nchi hii ya kati hawamjui sana, ingawa sehemu ya elimu aliyoipeleka ulimwenguni ilitoka katika mawe haya haya tunayoyaona kila siku kutoka madirishani mwa madarasa.

Loveridge alizaliwa tarehe 28 Mei, mwaka 1891, huko Penarth, mji mdogo wa pwani katika nchi ya Wales. Tangu udogo wake alivutwa na viumbe vya porini, na alipokuwa kijana akajifunza kazi ya makumbusho katika Makumbusho ya Taifa ya Wales na katika makumbusho ya Manchester. Watu wengi hudhani kwamba makumbusho ni nyumba ya kutazamia vitu vya zamani siku ya mapumziko. Hiyo ni sebule tu. Nyuma ya sebule mna vyumba ambavyo wageni hawaingii, navyo vimejaa makabati, na katika makabati mna ngozi, mafupa, na maelfu ya chupa za spiriti zenye wanyama ndani yake, kila mmoja amefungwa kikaratasi chenye jina la mahali alipopatikana na tarehe. Hawakuwekwa huko kwa fahari. Huwekwa ili walinganishwe. Mtu hawezi kujua kimo cha Wagogo kwa kumpima Mgogo mmoja, na vile vile hawezi kujua sura ya mjusi wa aina fulani kwa kumtazama mjusi mmoja. Ni lazima awe na wengi, wadogo kwa wakubwa, wa kiume na wa kike, wa mahali mbalimbali, awapange mbele yake na kuhesabu magamba yao.

Mwaka 1914, akiwa bado hajatimiza miaka 23 au akiwa ameitimiza tu, alikuja Nairobi kuwa mtunzaji wa makumbusho madogo ya mji ule. Mwaka huo huo vita vikaanza, naye akaingia katika kikosi cha wapanda farasi cha Afrika ya Mashariki. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa mwezi wa Julai, mwaka 1916, yakaikamata reli ya kati. Askari walio wengi hukumbuka vita kwa mapigano, kiu na homa. Loveridge aliziandika habari za mijusi aliowapata kati ya mwaka 1915 na 1919, akazitoa London mwaka 1920 katika jarida la chama cha elimu ya wanyama.

Haifai kuisimulia miaka ile kana kwamba ilikuwa ya kukusanya mijusi tu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo, kisha mvua zikakosekana, ikaja ile njaa iitwayo Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea mpaka mwaka 1920. Wagogo wengi sana walikufa au kuhama. Kobe wa majabalini alipelekwa Ulaya kutoka katika nchi iliyokuwa imo katika msiba huo.

Basi kobe hao wakafika London, wakamkuta mtaalamu mashuhuri George Albert Boulenger, mtu aliyekwisha kuandika vitabu vinene juu ya nyoka, mijusi, vyura na samaki wa ulimwengu wote. Boulenger alishangaa. Mwaka 1920 alitangaza kwamba huyu ni kobe wa namna mpya, akampa jina la Loveridge. Kisha kazi ya kumchunguza kwa ndani ikaangukia kwa msaidizi wake, Joan Procter, mwanamke kijana aliyezaliwa mwaka 1897, ambaye kwa sababu ya ugonjwa wa tangu utotoni hakuweza kwenda chuo kikuu kama alivyotarajiwa.

Ili tufahamu alichokiona Procter, yatupasa kwanza kufahamu jinsi kobe alivyojengwa. Kila mnyama mwenye uti wa mgongo, awe mtu, mbuzi, kuku, chatu au kambale, amejengwa kwa ramani moja: fuvu mbele, pingili za mgongo nyuma yake zikifuatana, na kwa wengi mbavu ubavuni. Mbuzi anapotundikwa buchani, tazama bega lake. Utaona kwamba lile fupa pana la bega limelala juu ya mbavu, kwa nje. Kwako wewe ni vivyo hivyo; jipapase. Sasa kobe amefanya jambo ambalo hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliyelifanya. Mbavu zake zimepanuka na kushikamana na mabamba ya mfupa mpaka zikawa gamba, na mafupa ya bega yamebaki ndani ya mbavu. Ni kama mtu aliyejenga nyumba kwa mbavu zake mwenyewe, kisha akayaingiza mabega yake ndani. Kwa hiyo hadithi za kobe kuvua gamba lake akaenda kuoga ni tamu kuzisikiliza, lakini kobe hawezi kulivua gamba lake kama vile mtu asivyoweza kuvua kifua chake.

Mtoto wa kobe wa kawaida anapotoka katika yai, mabamba ya mfupa ya gamba lake hayajakutana bado. Yana nafasi katikati, kama paa ambalo fundi hajamaliza kuliezeka, na juu yake pamefunikwa na vipande vya kitu kama pembe. Mnyama anapokua, mfupa huongezeka, nafasi huzibika, na gamba huwa gumu. Procter alilinganisha magamba ya kobe wa namna nyingi na haya yaliyotoka Ugogo, akaona kwamba kwa kobe wa Ugogo nafasi zile hazizibiki maisha yake yote. Mfupa wenyewe ni mwembamba, na madirisha ya utotoni yamebaki wazi mpaka uzeeni. Hapo ndipo ulipokuwa uzuri wa ugunduzi huo, uliochapishwa mwaka 1922. Kobe wa majabali hakupewa kiungo kipya hata kimoja. Ana ramani ile ile ya kobe wote, na pingili nane za shingo kama kobe wote, ila ukuaji wa mfupa wake ulisimama mapema, na kwa kusimama huko akapata mwili uwezao kupenya ufa wa jabali.

Wachunguzi wa kwanza walidhani pia kwamba akiwa ndani ya ufa hujijaza hewa kama chura aliyeudhika, ndiyo maana hatoki. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba sivyo. Hujikaza kwa miguu, akililazimisha gamba kugusa jabali juu na chini. Procter mwenyewe hakuishi kuyasikia hayo. Mwaka 1923 alikuwa mtunzaji wa nyoka na mijusi katika bustani ya wanyama ya London, akabuni nyumba yao mpya iliyofunguliwa mwaka 1927, na mwaka 1931 akafariki akiwa na miaka 34.

Na jina? Katika elimu ya wanyama pana sheria kali: jina lililochapishwa kwanza ndilo lishikalo, hata likiwa halijulikani na mtu. Ikaonekana kwamba mtaalamu mmoja wa Vienna, Siebenrock, alikuwa amekwisha kumwandika kobe huyu mwaka 1903, kwa mfano uliotoka karibu na Ziwa Viktoria, akampa jina la Tornier, Mjerumani aliyeandika juu ya watambaao wa koloni la Ujerumani hapa kwetu. Basi jina la Loveridge likaanguka. Tangu mwaka 1929 kobe huyu amewekwa peke yake katika jenasi ya Malacochersus, na jina lake kamili ni Malacochersus tornieri. Loveridge hakulipigania. Miaka mingi baadaye, yeye na Ernest Williams walipotoa kitabu chao juu ya kobe wa Afrika, mwaka 1957, walimwandika kobe wa Ugogo kwa jina la Tornier kama sheria itakavyo.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, ikaanzishwa idara ya wanyama wa porini chini ya Bwana Swynnerton. Loveridge akawa Bwana Nyama Msaidizi, makao yake Kilosa, pale reli inapoanza kupanda kuelekea kwetu. Kazi ya Bwana Nyama ilikuwa kuangalia leseni za uwindaji na kushughulika na wanyama waharibuo mashamba. Lakini huyu alikuwa Bwana Nyama wa namna yake. Wenzake walisimulia habari za tembo na simba. Yeye alifurahi zaidi akiletewa mjusi ambaye hajapata kumwona. Aliwanunua wanyama kwa wanavijiji, na watoto wakajifunza upesi kwamba yuko Mzungu atoaye senti kwa chura. Kila aliyeletwa alipimwa, akaandikiwa mahali na tarehe, akapasuliwa tumbo kuona alikula nini, na minyoo iliyomo tumboni mwake ikahifadhiwa pia na kupelekwa kwa wataalamu wa minyoo.

Hapa yafaa kusema neno moja ambalo vitabu hulipitia haraka. Loveridge alijua kuhesabu magamba, lakini nani alijua jiwe la kugeuza? Wenye kujua ni wachungaji, walimaji na watoto wa nchi. Majina ya wataalamu wa Ulaya yamejaa katika orodha za wanyama wetu. Ya hao waliowachimbua ni machache mno.

Mwaka 1924 aliondoka Tanganyika, akaenda Marekani kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard, katika nyumba ambayo jina lake lenyewe ni mpango wa kazi: Makumbusho ya Elimu ya Kulinganisha Wanyama. Ilianzishwa mwaka 1859 na Louis Agassiz, aliyeamini kwamba kila aina ya mnyama iliumbwa peke yake, na kwamba kufanana kwa miili yao ni mpango uliokuwa katika fikira za Muumba. Mwaka huo huo, huko Uingereza, Charles Darwin alitoa kitabu chake, akisema kwamba kufanana huko ni kufanana kwa ndugu waliotoka kwa babu mmoja. Agassiz alimpinga Darwin mpaka kufa kwake. Lakini makabati aliyoyajaza hayakuwa na upande. Waliokuja nyuma yake walifungua chupa zile zile, wakalinganisha mifupa ile ile, nao walio wengi wakaona kwamba Darwin ndiye aliyeueleza vizuri zaidi ushahidi uliomo. Loveridge aliingia katika nyumba hiyo wakati ugomvi umekwisha kupoa, naye akaikalia kazi yake kwa miaka 33.

Hakukaa Marekani tu. Mwaka 1926 alirudi Tanganyika, akapanda milima ya Uluguru na Usambara, na mwaka 1928 yeye na mkubwa wake, Thomas Barbour, wakatoa kitabu cha kuwalinganisha watambaao na vyura wa milima hiyo miwili. Kati ya Uluguru na Usambara pana nchi kavu ya chini ambayo mnyama wa msitu wenye umande hawezi kuivuka. Hata hivyo wamo wanyama wa ukoo mmoja juu ya milima yote miwili, kila mlima una wake kidogo mbali na wa mwenzake, kama ndugu waliotengwa na mto uliofurika wakazeeka kila mmoja upande wake. Huko wamo hata vyura wadogo ambao hawatagi mayai majini kama vyura wa Bahi, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Alirudi tena mara kadhaa: mwaka 1929 na 1930 katika nyanda za juu za kusini magharibi, na baadaye katika misitu mingine ya Afrika ya Mashariki mpaka Nyasaland.

Katika mambo yote aliyoyashughulikia, lile ambalo laweza kumfaa zaidi mwanafunzi wa kwetu ni habari ya viumbe vyenye umbo la mnyoo. Mvua za Desemba zinapoanza na watu wanapolima, jembe hufukua vitu virefu visivyo na miguu, na aghalabu huuawa vyote pamoja kwa kudhaniwa kuwa nyoka. Tuvitazame mmoja mmoja.

Nyungunyungu hana mfupa hata mmoja. Mwili wake ni pete zilizofuatana, na mshipa wake mkuu wa fahamu hupita upande wa tumboni. Ndivyo ilivyo pia kwa jongoo, panzi na nge, ingawa hao wana miguu na ngozi ngumu: tumboni mna mshipa wa fahamu, mgongoni mna moyo. Kwetu sisi wenye uti wa mgongo mambo yamegeuzwa juu chini. Fahamu hupita mgongoni na moyo u upande wa mbele. Kwa hiyo mtu na mbuzi, na hata mtu na kambale, wamekaribiana kwa ramani kuliko nyungunyungu na huyo mnyama wa pili tutakayemtaja, ingawa kwa macho huwezi kuwatenga.

Huyo wa pili haishi Dodoma kwa sababu hapa ni pakavu. Yumo katika udongo wenye maji wa Uluguru na Usambara. Ana pete kama nyungunyungu, ngozi tupu yenye utelezi, na macho yake ni kama hayapo. Lakini mpasue: ana uti wa mgongo, taya na meno. Yeye ni ndugu wa chura. Barbour na Loveridge waliandika aina mpya mbili za wanyama hawa kutoka Uluguru katika kitabu kile cha mwaka 1928.

Wa tatu ni wa kwetu kabisa. Aliandikwa mwaka 1880 kwa mfano uliotoka Mpwapwa, na jina lake ni Geocalamus modestus. Watu huwaita wanyama wa namna hii nyoka wa vichwa viwili, maana mkia ni mfupi na butu kama kichwa, naye huweza kwenda mbele na nyuma katika shimo lake. Ngozi yake ina magamba madogo yaliyopangwa katika pete. Si mnyoo, wala si nyoka. Wataalamu huhesabu ukoo wake pamoja na mijusi, na Loveridge aliandika juu ya jamaa zake wote wa Afrika mwaka 1941.

Wa nne ni mjusi asiye na miguu. Loveridge alikuwa amekwisha kuandika jenasi mpya ya mijusi hao katika karatasi zake za mwaka 1920, kwa mfano alioupata wakati wa vita huko Lumbo, Msumbiji, akaiita Scolecoseps, maana yake mjusi-mnyoo. Wa tano ndiye nyoka kweli, yule nyoka kipofu mdogo, mwembamba kama kamba ya kiatu, alaye mchwa na sisimizi, wala hana sumu.

Utawatengaje hawa watatu wa mwisho, kama wote wana magamba na hawana miguu? Hapo ndipo ilipo kazi ya kulinganisha. Mwili ukiwa mwembamba sana, mapafu mawili hayaenei ubavu kwa ubavu, moja hupungua. Kwa nyoka na kwa mijusi wasio na miguu hupungua pafu la kushoto. Kwa yule wa Mpwapwa na jamaa zake hupungua la kulia. Basi kila ukoo ulipoteza miguu yake kwa njia yake wenyewe, kwa wakati wake wenyewe. Udongo uliwataka wote wawe wembamba, nao wakawa wembamba, lakini pafu lilibaki kuwa shahidi wa nasaba. Hata chatu, ambaye hakuna amwitaye mjusi, ana kucha mbili ndogo karibu na mkia wake, mabaki ya miguu ya nyuma ya wazee wake.

Niongeze hapa kwamba elimu hii si ruhusa ya kumshika kila kilicho kirefu. Kifutu na swila wamo Ugogo, nao hawangoji kuulizwa ukoo wao. Lakini anayeua kila kiumbe kisicho na miguu huua wengi wasio na dhara, pamoja na wale wanaomlia mchwa wake.

Mwaka 1957 Loveridge alistaafu, na mwaka huo akatoa orodha yake ya watambaao na vyura wote waliojulikana katika Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja. Mbali na vitabu vya elimu aliandika pia vitabu vya safari zake kwa wasomaji wa kawaida, vyenye ucheshi mwingi. Cha kwanza kilitoka mwaka 1944. Badala ya kubaki Marekani au kurudi Wales, alikwenda kukaa katika kisiwa cha Saint Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki. Wasomaji wa historia hukijua kisiwa hicho kwa ajili ya Napoleon. Sisi tunaweza kukijua pia kwa ajili ya Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja, ambaye alikamatwa na Waingereza Dar es Salaam mwaka 1916 akafungiwa huko. Loveridge alikwenda kwa hiari yake, akaendelea kuchunguza viumbe vya kisiwa, na huko akafariki mwezi wa Februari, mwaka 1980, akiwa na miaka 88.

Kobe alimpoteza, lakini jina lake limebaki kwa wengine. Yuko ndege chozi wa milima ya Uluguru mwenye jina lake. Yuko mjusi asiye na miguu, Melanoseps loveridgei, aliyepewa jina hilo baada ya kufa kwake. Na ukoo mmoja wa wale waitwao nyoka wa vichwa viwili, waishio Tanzania, unaitwa Loveridgea. Jina hilo lilitolewa mwaka 1951 na Paulo Vanzolini wa Brazili, mtaalamu wa mijusi ambaye kwao alijulikana zaidi kwa kutunga nyimbo za samba.

Kuhusu kobe mwenyewe, habari si njema. Umbo lile lililomshangaza Boulenger liliwashangaza pia watu wa Ulaya na Marekani wapendao kufuga wanyama wa ajabu, na katika miaka ya 1980 na 1990 maelfu yao walisafirishwa kutoka Tanzania kwenda kuuzwa. Wakusanyaji waliyabandua mawe ili kuwafikia, na ufa ukishabanduliwa haurudi kuwa ufa. Kobe mwingine akija hana pa kujificha. Mwaka 2019 aliwekwa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka huo huo mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva ukampandisha katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ambayo inakataza biashara ya wale waliokamatwa porini. Nje ya Tanzania anapatikana Kenya, na kidogo kaskazini mwa Zambia. Mahali pengine hayupo. Kobe wengine hutaga mayai mengi kwa mara moja. Huyu, kwa kuwa mwili wake ni bapa na hauna nafasi, kwa kawaida hutaga yai moja tu.